Barua Isiyo na Salamu

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea tangazo la kusoma redioni. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, na nilipoikunjua ofisi nzima ikanuka samaki wa moshi. Vijana ninaofanya nao kazi wakakimbilia kufungua dirisha. Mimi niliisogeza karatasi puani, nikavuta pumzi, na mzee wa watu akaniangalia akidhani nimerukwa na akili.

Kazi yangu hapa Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, ni kupokea matangazo ya watu, ya misiba, ya mikutano ya kanisa, ya mbuzi waliopotea, na kuyanyoosha kabla hayajasomwa hewani. Mengi ni ya Kibemba, lakini siku za soko tunasoma pia ya Kiswahili chetu hiki cha wafanyabiashara wa ziwani. Nawakata watu maneno bila huruma. Mtu akiniletea mistari kumi na mbili ya shukrani kabla hajasema mbuzi wake ni wa rangi gani, namrudishia miwili. Wananinunia kidogo, kisha mbuzi akipatikana wananisamehe.

Wengi hudhani ujuzi huu niliupata chuoni. Naacha wadhani, maana chuo kina heshima yake. Lakini ninyi nitawaambia ukweli. Nilifunzwa ndani ya ua mmoja wa Kashikishi, mwaka ambao sikukanyaga nje ya mlango wake, na aliyenifunza alikuwa mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake. Na sentensi kali kuliko zote nilizowahi kuandika niliiandika nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa ya uongo.

Nilizaliwa ng'ambo, kijiji kimoja karibu na Kilwa. Kilwa yetu ya Congo, msije mkaniweka pwani kwenye magofu na minazi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafa kwa ugonjwa nikiwa na miaka tisa. Vurugu zilipoanza kusogea kijijini, Mama alinipandisha kwenye mashua ya Papa Ilunga, mtu aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni upande ule na kurudi na muhogo na mafuta ya mawese. Alinikalisha katikati ya magunia, akanifunika kitenge, akasema nisilie. Yeye alibaki. Mama yake, Bibi yangu, alikuwa amepooza upande mmoja, na mtu wa namna ile hapandi mashua.

Upande huu nilipokelewa na dada mkubwa wa marehemu Baba. Jina lake Ngoie, nasi tulimwita Tantine, kama watoto wote wa Katanga wanavyowaita shangazi zao. Aliolewa Zambia, akamzika mumewe Zambia, na alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na soko la Kashikishi, na lupango, yaani ua, uliozungushiwa matete. Siku niliyofika alinigeuza mbele na nyuma kama mnunuzi anayekagua samaki, akaridhika kwamba sijaoza, kisha akafunga mlango wa bati kwa waya.

"Bon," alisema. "Hapa hautatoka. Papier hauna. Watu ya imigresheni wakikukamata watakupeleka kambini peke yako, na mama yako nitamuambia nini? Na Kibemba hauna. Ukifungua kinywa tu, soko yote itajua umetoka wapi. Donc, funga kinywa."

Nilidhani ni kwa wiki moja. Mvua za kwanza zilikuwa zinaanza. Zilinyesha, zikaisha, baridi ikaingia, na mimi nilikuwa bado nimo.

Sijui kama mmewahi kukaa mahali ambapo ziwa mnalisikia tu. Mweru lilikuwa hatua chache kutoka kwetu, nami nililiona kwa vipande, kupitia tundu la matete lililokuwa sawa na jicho langu. Kipande cha maji, mguu wa mtu, gurudumu la baiskeli, kipande cha maji tena. Asubuhi nilisikia wavuvi wakigombana na wanunuzi. Mchana wasichana wa rika langu waliruka kamba nje ya ua wetu wakiimba kwa Kibemba. Nyimbo zao zote nilizishika kichwani, na sikuruhusiwa kuimba hata moja. Kazi yangu ilikuwa kutandaza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, juu ya mchanga wa uani, kuwageuza, kufukuza kunguru, na kuchochea moto wa kukaushia samaki wakubwa. Moshi uliniingia nywele, nguo, daftari, mpaka ndoto zangu nadhani zilinuka moshi.

Tantine alikuwa na bata jike. Kila asubuhi bata yule alijipenyeza chini ya matete, akaenda ziwani, akarudi jioni na matope miguuni kama mtu aliyetoka safarini. Nilimwonea wivu bata. Niliwahi kumpiga kwa kijiti, nikamwambia kimyakimya, nenda ukae hukohuko. Jioni alirudi. Nililia kwa hasira, maana nilijua mimi nikitoka sitarudi.

Tantine hakuwa mkatili, na hili nilikataa kuliona kwa miaka. Hakunipiga. Alinipa vipande vya samaki vyenye mafuta. Lakini alikuwa na masikio ya mbwa. Nikikohoa kwa Kiswahili, aligeuka. Wateja wakiingia, niliingia chumbani. Wakiniuliza jina, aliwaambia mtoto huyu ni bubu kidogo. Bubu kidogo! Nawauliza, mtu anakuwaje bubu kidogo?

Kwa hiyo mahali pekee nilipoweza kusema ni kwenye karatasi. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Kila baada ya wiki mbili Papa Ilunga alivuka kwenda ng'ambo, na tangu mvua zilipoisha, siku moja kabla ya safari Tantine aliniita na kusema, "Kamata biki, tumuandikie mama yako." Alinitajia maneno yake, machache: Sofi anakula, Sofi analala, chumvi imepanda, mungojee mashua ijayo. Mimi niliandika, kisha nikamsomea alichosema.

Ila mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu. Baba alikuwa amenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Kwake barua ilikuwa na ngazi zake, nami nilizipanda zote. "Mama yangu mpendwa sana. Ni kwa furaha kubwa ninashika biki yangu ili kukuandikia mistari hii michache. Kwanza ninakusalimia kwa jina la Bwana. Pili ninamsalimia Bibi. Tatu ninawasalimia majirani wote, wakubwa kwa wadogo. Sisi huku tuko wazima wote, mashaka yetu ni kwenu tu." Huo ndio ulikuwa mlango, na hakuna mtu wa kwetu aliyeandika barua bila kupita hapo. Hata wenye kuugua waliandika kwanza kwamba wako wazima, ndipo waseme wanaugua. Nilizipenda sentensi zile. Nilipoziandika nilimsikia Baba akikohoa nyuma yangu na chaki mkononi.

Baada ya salamu yalikuja maneno ya Tantine. Halafu niligeuza karatasi, na nyuma yake, ambako Tantine hangejua kilichomo, niliandika yangu. "Mama mpendwa, kama Mungu akipenda na kama nafasi ikipatikana, na bila kukusumbua katika kazi zako nyingi, ningeomba kwa unyenyekevu ufikirie namna ya kuja kunichukua, kwa kuwa maisha ya hapa yana ugumu wake." Nilijisomea na kujipongeza. Nilidhani Baba angenipa alama tisa juu ya kumi.

Papa Ilunga alirudi baada ya siku nne. Nilimvizia aliposimama mlangoni akimpa Tantine mafuta yake.

"Letre imefika," alisema. "Fundi Kalenga amemusomea mama yako pale bandarini. Anashukuru sana. Anafurahi kusikia muko wazima."

Basi. Hakuna zaidi. Kalenga huyo alikuwa fundi baiskeli, mtu pekee bandarini mwenye miwani, na wanawake wasiojua kusoma walimzunguka siku ya mashua kila mmoja na karatasi yake. Nilijiambia labda alikuwa na haraka, hakugeuza ukurasa. Barua ya pili nikaandika yangu kwa herufi kubwa zaidi na kwa adabu zaidi. Jibu likaja: anafurahi muko wazima. Ya tatu nikaongeza mstari wa Zaburi. Anafurahi muko wazima. Nilishikwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo, ile hofu ya kupiga kelele na kuona watu wanakupungia mkono kukusalimia.

Sasa sikilizeni Tantine alivyofanya kazi zake. Biashara yake na watu wa ng'ambo haikupita kwenye karatasi hata siku moja. "Karatasi inalowana," alisema. Aliweka maneno kinywani mwa Papa Ilunga, na alimfanya ayarudie palepale mlangoni, mwanaume mzima, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja Papa Ilunga alitaka kuyapamba kidogo.

"Nitamuambia Mama Kalumba kwamba unamusalimia sana, na kwamba ukipata nafasi, na kama njia iko muzuri..."

"Hapana," Tantine alimkata. "Ukifika atakuwa na wateja kumi mbele yake. Atasikia kitu moja. Muambie: Muhogo yako ya mwisho ilikuwa na mchanga. Ilete ingine."

"Na salamu?"

"Akileta ingine, tutasalimiana."

Papa Ilunga alicheka mpaka akashika mlango. Lakini muhogo mwingine uliletwa, tena msafi. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye chisense, mgongo kwao, na niliyasikia yote.

Barua ya nne ndiyo ilinitia matatani. Tantine alisema maneno yake, nikaandika, nikageuza karatasi nikaendelea kuandika, nikajisahau. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama juu yangu.

"Nimesema maneno kama kumi," alisema. "Hii biki imetembea mpaka nyuma. Kusoma sijui, lakini macho niko nayo. Ile ingine ni ya nani?"

Niliivuta karatasi kifuani. "Ni salamu, Tantine. Kama Papa alivyonifundisha."

"Soma."

Jamani. Nilishika karatasi iliyoandikwa maombi ya kutoroshwa, nikasoma salamu ambazo hazikuwamo. Nilimsalimia Bibi. Nilimsalimia jirani wa kulia na wa kushoto, mwalimu mkuu, katekista, mama wa katekista. Salamu ziliponiishia nilianza kusalimia mbuzi. Tantine alisikiliza mpaka mwisho, uso wake haukucheza hata ukope. Kisha alikaa kwenye kigoda, akaokota samaki mmoja, akamkwangua magamba taratibu.

"Papa yako alikuwa mutu wa heshima," alisema. "Lakini mutu nyumba yake inaungua hasalimie vile."

Akaenda kuangalia moto. Hakunichapa, hakuichukua karatasi, hakuniuliza kitu kingine. Mimi nilibaki pale nikiwa nimeshika biki, nikiwa nimeelewa kwa mara ya kwanza kwamba zile sentensi zangu nzuri ndizo zilikuwa zinanifungia. Kila barua niliyotuma ilianza kwa kusema tuko wazima. Nilikuwa nimesema mwenyewe, mara nne, kwa mwandiko mzuri.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya kazi ambayo tangu hapo sijaifanya kwa bidii kama ile. Karatasi zilikuwa chache, kwa hiyo niliandika kwa kijiti kwenye mchanga, kwenye nafasi zilizobaki kati ya chisense, na kufuta kwa unyayo. Kwanza niliondoa "kama Mungu akipenda". Nilikaa nikingoja radi. Haikupiga, nikaondoa na "kwa unyenyekevu". Nikabaki na: "Mama, naomba uje unichukue kwa sababu ninateseka." Niliiangalia asubuhi nzima. Neno "ninateseka" lilinisumbua, maana nilikuwa nimetoka kula kambare mnene. Nikaandika: "Mama, tangu mvua ya kwanza sijatoka mlango wa lupango." Hii ilikuwa ya kweli, kila neno lake. Lakini niliposikia kwa masikio ya wanawake wa bandarini, niliona wangesema, afadhali, mtoto anatunzwa.

Nilitaka sentensi ambayo mtu akiisikia hawezi kukaa. Bata alikuwa anapita katikati ya herufi zangu, nami nikamfukuza, na nilipoinama kurekebisha mchanga nikaona ni ipi. Ilikuwa ndogo sana. Ilikuwa ni ule mlango wa Baba, umevunjwa.

Mama, siko mzima. Kuja unibebe.

Niliifuta haraka kama mtu aliyeona nyoka. Nilijua ni uongo. Sikuwa na hata mafua. Nilijua pia kwamba kwetu hakuna barua inayoanza vile, kwamba hata wanaokufa huandika kwanza wako wazima, na hiyo ndiyo sababu niliichagua. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nilipima, nikalenga, nikarusha.

Siku ya barua niliandika maneno ya Tantine kwenye karatasi moja, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Kisha badala yake nilikunja ile nyingine, yenye sentensi yangu tu, niliyokuwa nimeificha ndani ya gauni, nikampa Papa Ilunga.

"Leo ni fupi," Tantine alisema akiiangalia mkononi mwa Papa Ilunga.

"Ndiyo, Tantine."

Alimgeukia Papa Ilunga. Kisha akaanza kuongea habari za chumvi.

Mama alifika siku ya tano. Nilikuwa nageuza chisense niliposikia mlango wa bati ukipigwa, si kwa vidole, kwa kiganja kizima. Tantine alifungua waya. Mama aliingia bila salamu, yeye ambaye angemsalimia hata mwizi, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, na akanijia moja kwa moja. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Akanishika shingo. Akanivua gauni mabegani mbele ya watu, akanipapasa mbavu moja moja kama anayezihesabu. Zilikuwa hazionekani. Nilikuwa nimenenepa.

Nilingoja kofi. Nililitaka lile kofi, wallahi, lingenitua mzigo. Mama alinivalisha gauni langu, akakaa chini kwenye mchanga, juu ya samaki, akapumua.

Aliyeuliza ni Tantine, na hakuniuliza kwa ukali. Alisimama na waya wa mlango mkononi.

"Sofi," alisema. "Nilikunyima nini?"

Niliinama kuokota samaki waliopondwa, na leo hayupo nimjibu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofikiri kwamba mwaka ule wote Tantine, aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya, hakwenda kanisani hata Jumapili moja. Nani angebaki na mimi? Waya ule ulimfunga yeye pia.

Mama alikuwa amekuja kwa siku tatu. Bibi alikuwa amemwachia jirani, awe anampitia asubuhi. Lakini mota ya Papa Ilunga iliharibika, na kifaa chake kilitakiwa kuagizwa mjini Mansa, na mashua nyingine zilikuwa zimejaa au zinaelekea Chienge, upande huuhuu wa ziwa. Siku ya nne Mama alianza kusimama mlangoni. Siku ya sita aliacha kula. Siku ya kumi mtu aliyetoka ng'ambo alituletea habari kwamba Bibi amefariki siku tatu zilizopita na amezikwa. Tulivuka kesho yake kwa mashua iliyomleta. Nilikuwa nje hatimaye, katikati ya ziwa, maji kila upande mpaka macho yanachoka, na niliangalia miguu yangu tu.

Yaliyofuata ni marefu na si ya leo. Tulirudi upande huu baadaye, tukapata karatasi zetu, tukawa watu wa hapa. Mama hakuwahi kunitajia barua ile. Nami nilikua nikijua kwamba sentensi yangu ndiyo iliyomuua Bibi peke yake kitandani. Ndiyo maana, nadhani, nikawa mtu wa kusahihisha sentensi za wengine. Nikiona sentensi inayotembea vizuri naitilia shaka, naiuliza, wewe unasema kweli?

Mwezi uliopita jamaa wa ng'ambo walituletea habari kwamba wanaweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la Bibi, na kwamba kila mtoto wake apeleke neno la kusomwa. Mama sasa ni mzee, magoti yamekataa mashua. Nilikwenda nyumbani kwake na daftari, na nilikuwa nimejiandalia mwanzo mzuri: "Mama yetu mpendwa, nguzo ya ukoo, mapumziko yako yawe mema." Nilimsomea.

"Ile ni ya watu wote," alisema. "Miye niko na yangu."

Nilikata mwanzo wangu kwa mstari. Na mimi, baada ya miaka yote ile, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kwamba ile barua ilikuwa ya uongo, kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba nilijua ninachofanya. Nililia kama nina miaka kumi na mmoja.

Mama aliniangalia kwa mshangao.

"Nilijua," alisema. "Kalenga alipomaliza kusoma, nilimuuliza mwandiko iko namna gani. Akasema imenyooka kama mustari ya rula. Mutoto mwenye homa haandike vile. Na zile zingine alinisomea zote, mbele na nyuma. Nilijua umefungiwa. Mimi mwenyewe njo nilimuomba Tantine yako akufungie."

"Sasa ulikuja juu ya nini, Mama?"

Aliufuta uso wake kwa pembe ya kitenge.

"Juu nilikuwa nimechoka. Miaka miwili nilikuwa namugeuza Bibi yako, namuosha, na yeye ananitukana juu ya maumivu. Mashua zinaenda, mimi nabaki. Nilikuwa nangoja mutu aniite. Lakini letre zako zote, Kalenga anasoma kwa sauti, na wanamuke wote wanasikia: tuko wazima, tuko wazima. Ningetoka namna gani? Ile ya mwisho aliisoma mbele yao. Wote walishika kichwa. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza mama yako anabaki na nani."

Nilikuwa nimebeba kosa lile kwa miaka yote nikidhani ni langu peke yangu, na pembeni yangu, kwenye mkeka uleule, Mama alikuwa amebeba lake, kubwa zaidi, akidhani mimi sijui hata kama lipo. Kila mmoja alikuwa anamkinga mwenzake. Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote, na nilimwogopa kidogo pia.

"Andika sasa," alisema.

Nilishika kalamu.

"Mama, nilikuachia maji na chakula ya siku tatu. Nikakaa siku kumi na moja."

Nilipeleka kalamu kwenye mstari uliofuata.

"Njo ile tu," alisema. "Usiongeze kitu. Soma."

Nilianza kusoma. Nilifika kwenye siku tatu, nikaishia hapo, na aliyemalizia zile siku kumi na moja alikuwa yeye mwenyewe, polepole, macho yake yakiangalia mlangoni.